Andazi la Shilingi 5,200

Nyumbani kwetu Ngombezi fedha zina wizara tatu. Ya kwanza ni ya mama watoto, anayekaanga maandazi alfajiri na kuyauza kibarazani kwa wakata mkonge wanaopita kwenda shambani. Ya pili ni ya shangazi, mnunuzi mkuu wa unga, mafuta na sukari, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukubali kwamba kuna kitu kimeshuka bei. Ya tatu ni daftari la madeni, kaunta buku lenye mabaka ya mafuta, linalotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na kwa mamlaka linawashinda wote wawili. Mimi ni raia wa kawaida: nalipa, nakula, nanyamaza.

Daftari lile halikuzuka tu. Huku Korogwe mkonge ndio unaoamua nani ana hela na lini. Shamba la Ngombezi, pamoja na Magunga, Mwelya, Magoma na Hale, liliingizwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mpango wa wakulima wadogo, na tangu hapo kuna wenye mkonge wao na kuna wanaowakatia. Wote njaa yao huja asubuhi, ila hela zao huja mwisho wa mwezi. Katikati ya hizo mbili ndipo lilipo neno “niandikie”. Mama watoto huandika tarehe, jina, idadi na bei, basi. Siku ya malipo mteja akitokea, mama watoto anapitisha kidole kwenye mistari ya huyo mteja, midomo ikichezacheza, kisha anataja deni. Hakuna aliyewahi kubisha.

Ndipo shemeji akaja.

Shemeji ni mdogo wa mwisho wa mama watoto. Alikuwa amemaliza stashahada ya uhasibu na yuko katika kile kipindi ambacho vijana hukiita kusubiri ajira na shangazi hukiita kusubiri chakula. Alikuja na begi moja la nguo na kompyuta mpakato iliyofungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Jioni ya kwanza aliliona daftari pale msumarini, akalishusha, akalifungua kwa ncha za vidole.

“Dada,” akasema, “na hili ndilo mnaloliita hesabu?”

“Linalipa ada za watoto,” akajibu dada yake. “Wewe lako linalipa nini?”

Lakini kijana hakukata tamaa. Kwa jioni kadhaa alikaa chini ya taa akinakili mwezi mzima kwenye lahajedwali: mistari 380, wateja 16, bei ya andazi shilingi 200 mwanzo hadi mwisho. Kisha akatuita sote tuje tuone maajabu. Aliunda jedwali la pivoti. Unamwambia mtambo: majina ya wateja yakae upande huu, idadi zikae pale, kufumba na kufumbua mistari 380 inakuwa 16, kila mtu na jumla yake. Alitueleza kwamba mambo haya yana wenyewe: Dan Bricklin na Bob Frankston walioleta VisiCalc mwaka 1979, kisha Pito Salas, ambaye akiwa kampuni ya Lotus alifanya kazi iliyozaa Improv mwaka 1991, programu ambayo mtu aliweza kuligeuza jedwali akaliangalia upande mwingine, Excel nayo ikaja na pivoti katika toleo lake la 5.

“Huyo Pito,” shangazi akauliza, “hapa anadaiwa?”

Hadaiwi. Ila kulikuwa na pengo. Daftari la mama watoto halikuwa na safu ya thamani, kwa sababu thamani alikuwa akiitunza kichwani mwake. Shemeji akatabasamu tabasamu la mtu aliyelipiwa ada. Kuna kitu, akasema, kinaitwa uga wa kukokotoa: huongezi safu kwenye daftari, bali ndani ya pivoti yenyewe unabuni safu mpya kwa kuiandikia fomula. Fomula hiyo haitaki anwani za seli. Inataka majina ya safu tu. Akauita uga wake Deni, akaandika Idadi mara Bei, akabonyeza. Safu ya Deni ikajaa tarakimu. Hakuna aliyezisoma vizuri, maana umeme ulikuwa unayumba na shemeji alikuwa na haraka ya kuhifadhi kazi.

Kesho yake ilikuwa siku ya mshahara. Shemeji alidamka kwenda mjini Korogwe, akachapisha karatasi kwenye duka la steshenari, akazikata vipande kwa mkasi, akampa mwanangu wa pili azigawe nyumba kwa nyumba. Jina la mdaiwa juu, deni chini, na maneno aliyoyaona ya kistaarabu: “Tafadhali lipa ndani ya siku 7.”

Ya Baba Mkubwa ilisema shilingi 312,000.

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba, karani mstaafu wa korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kubakiza singa. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, hupita kibarazani akachukua maandazi mawili. Wajukuu wakiwa kwake huchukua matatu. Hali bure. Msimamo wake ni kwamba ukila bure kwa mkwe, kesho utaombwa shamba. Kwa hiyo huandikwa kama mteja mwingine yeyote, na mwisho wa mwezi hulipa noti zilizonyooshwa kwa pasi.

Siku hiyo hakuleta noti. Alirudi ndani, akavaa kanzu na kofia, akamchukua balozi wa nyumba kumi, wakaja taratibu katikati ya njia ili kila mtu awaone.

Huku nyuma, nyumbani kulikuwa na moto mwingine. Shangazi alikuwa amebaki na karatasi ya mwisho, ile yenye Jumla Kuu, na baada ya kuhesabu sifuri kwa kidole mara mbili alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono shavuni. Karatasi ilisema kwamba Ngombezi inadaiwa maandazi ya shilingi 72,200,000.

“Milioni sabini na mbili,” akasema kwa sauti ya chini. “Milioni sabini na mbili, na mimi natumwa dukani kununua mafuta ya kupima.”

Aliyafikiri mambo yote kwa mpigo. Kiwanja Manundu. Bati la rangi. Na kwa nini mama watoto, miaka yote hii, alikuwa akilia kwamba biashara haina faida? Alichukua simu. Habari ilifika Handeni kabla ya chakula cha mchana, na alasiri binamu mmoja akapiga kunipa pole kwa kazi nyingi na kuuliza kama “ile hela ya maandazi” ingeweza kumsaidia kununua ng'ombe wawili tu, akiuza mahindi atarudisha.

Nilikuwa bado namjibu binamu wakati Baba Mkubwa alipoingia uani.

“Shikamoo, Baba Mkubwa,” tukasema sote.

“Marahaba,” akaitikia, na kwa jinsi alivyoitikia watoto waliinuka mmoja mmoja wakatoka nje. Akakaa. Balozi akakaa. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa kanzu, akaiweka juu ya kigoda.

“Mkwe wangu,” akamwambia mama watoto, “nimekuja mbele ya shahidi. Nataka unioneshe hayo maandazi niliyoyala ya laki tatu na elfu kumi na mbili. Maana nimejitazama, tumbo silioni.”

Mama watoto alikuwa hajaiona karatasi hata moja. Aliisoma, akamgeukia mdogo wake bila kutamka neno. Shemeji akaeleza kwa heshima zote kwamba kompyuta haina undugu na mtu, kwamba fomula ni ile ile kwa wateja wote, na kwamba pengine mzee hakumbuki vizuri.

Nilimwona balozi akifumba macho.

“Mwanangu,” Baba Mkubwa akasema, “mkonge uliletwa nchi hii na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1,000 ilitoka Florida, ikafika hai 62. Kutoka hiyo 62, kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa tani 230,000 hivi za singa kwa mwaka. Ilichukua miaka sabini na moja kuzidisha vile. Wewe umenizidisha mimi kwa usiku mmoja.”

Aliyekata kesi ile ni daftari. Mama watoto alilishusha msumarini, akakaa chini, akapitisha kidole kama siku zote. Mistari ya Baba Mkubwa ilikuwa 26: siku 18 za maandazi mawili na siku 8 za matatu. Jumla maandazi 60, shilingi 12,000. Hapo ndipo akakumbuka jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyechukua maandazi 60 kwa mara moja siku ya hitima. Akamtuma mtoto akaombe karatasi yake. Ikaja. Ilisema shilingi 12,000, sahihi kabisa.

Watu wawili, maandazi 60 kila mmoja, bei ile ile. Mmoja 12,000, mwingine 312,000.

“Gawa,” mama watoto akamwambia mdogo wake. Shemeji akagawa laki tatu na elfu kumi na mbili kwa elfu kumi na mbili. Ikaja 26.

“Na mistari yake ni mingapi?”

Shemeji hakujibu. Aliifungua kompyuta, akaiweka Bei nayo ionekane kwenye jedwali, kando ya Idadi, akamtafuta Baba Mkubwa. Idadi: 60. Bei: 5,200.

“Andazi la shilingi 5,200!” shangazi akapiga kelele. “Lina nini ndani, dhahabu?”

Uga wa kukokotoa, shemeji alitusomea baadaye kwenye maelezo ya programu, hauangalii mstari mmoja mmoja. Kwanza unajumlisha kila safu iliyotajwa ndani ya fomula, ndipo unaifanyia kazi fomula kwenye hizo jumla. Kwa Baba Mkubwa ulijumlisha idadi ukapata 60. Ukajumlisha na bei, 200 mara ishirini na sita, ukapata 5,200. Kisha ukazidisha jumla kwa jumla. Jirani wa hitima alipona kwa sababu alikuwa na mstari mmoja, na bei ikijumlishwa mara moja inabaki bei. Kwa maneno mengine, aliyekuja siku moja alitozwa haki, na aliyekuja kila siku alitozwa mara nyingi kadiri ya uaminifu wake.

Milioni za shangazi nazo zilikufa kwa ugonjwa ule ule. Alizijumlisha karatasi zote za wateja, zikafika milioni 4 na nusu hivi, akadai kwamba kuna mtu ameiba milioni 67 na ushee njiani. Hakuna aliyeiba. Mstari wa Jumla Kuu haujumlishi mistari iliyo juu yake. Unairudia fomula upya kwa daftari zima. Maandazi 950, mara jumla ya bei zote, 76,000. Deni la kweli la Ngombezi nzima lilikuwa shilingi 190,000. Shangazi aliipokea habari hiyo kama taarifa ya msiba, na ikabidi mimi ndiye nimpigie binamu wa Handeni.

Baba Mkubwa, aliyekuwa amekwisha kuvua kofia, akasogeza kigoda karibu na kompyuta. Mtu huwa karani mara moja tu. Kustaafu ni karatasi.

“Nikwambie kitu,” akamwambia shemeji. “Babu yao hawa alitoka Kigoma akaja hapa manamba. Alifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30, kila siku aliyomaliza kazi yake anatiwa alama, kadi ikijaa analipwa. Alama zinajumlishwa. Kiwango cha siku hakijumlishwi. Karani ambaye angejumlisha viwango thelathini halafu akazidisha tena kwa siku thelathini, kampuni ingefilisika mwezi wa kwanza. Idadi ni mzigo, unaweza kuurundika. Bei haijumlishwi.”

“Kwa hiyo huu uga ni wa uongo?” shangazi akauliza.

“Sijasema hivyo. Pale korona kila kilo 100 za majani hutoa kilo 4 hivi za singa. Mwisho wa mwezi meneja akitaka kujua mashine inachuja vipi, huchukui asilimia ya kila siku ukazitafutia wastani, maana siku ya mvua tumesaga majani kidogo na siku nyingine tumesaga mlima. Unachukua singa zote, unagawa kwa majani yote. Hapo ni lazima ujumlishe kwanza. Ujira unazidishwa shambani, mavuno yanagawanywa ofisini. Huyu kijana kapeleka kazi ya shambani ofisini.”

Shemeji aliinamisha kichwa. Kisha alifanya kazi iliyotakiwa tangu mwanzo: alirudi kwenye orodha yenyewe, akaongeza safu ya Thamani, akazidisha Idadi kwa Bei kwenye kila mstari, yote 380, akaiburuza fomula hadi chini kwa kidole kimoja. Akalirudia jedwali, akalisasisha, akaufuta uga wa Deni, akaweka jumla ya Thamani badala yake. Baba Mkubwa: 12,000. Jumla Kuu: 190,000. Mama watoto alilinganisha na kichwa chake, akasema kompyuta imeanza kuelewa.

Na kwa kuwa mzee alikuwa ameutetea uga wa kukokotoa, ukapewa nafasi ya pili mahali panapoufaa. Kwa muda mrefu kulikuwa na vita baridi kuhusu bei ya unga. Mwezi ule mama watoto aliagiza kilo 25 kwa shilingi 1,600 kila kilo. Unga ulipokatika shangazi akanunua kilo 5 dukani kwa 2,000. Shangazi alishikilia kwamba unga wa nyumba hii ni 1,800, kwa kuwa 1,800 iko katikati ya 1,600 na 2,000, na kwamba maandazi yapande bei. Shemeji akaingiza manunuzi yote ya unga, safari hii safu ya Gharama ikiwemo tangu mwanzo, kisha akaandika uga mmoja: Gharama gawa kwa Kilo. Shilingi 50,000 kwa kilo 30. Jibu likaja 1,667 kwa kukadiria, kwenye mstari wa unga na kwenye jumla vilevile, kwa sababu hapa kujumlisha kwanza ndiko kunakotakiwa: kilo 25 za bei rahisi zina haki ya kusikika zaidi kuliko kilo 5 za bei ghali. Shangazi alisema mashine imehongwa. Bei ya andazi ikabaki 200.

Amani ingekaa hapo, kama si jirani wa hitima. Alikuja kulipa 12,000 zake, akauliza punguzo liko wapi. Kweli aliahidiwa: achukuaye maandazi 50 au zaidi kwa mara moja hupunguziwa asilimia 10. Shemeji, aliyekuwa na hamu ya kurudisha heshima yake, akasema hilo ni jambo dogo, akaandika uga mwingine wa kukokotoa: kama Idadi imefika 50, toa asilimia 10 ya Thamani, kama haijafika, sifuri.

Safari hii mama watoto alitaka kuiona karatasi kabla haijatoka nje ya ua. Jirani alikuwa amepunguziwa 1,200, sawa. Lakini wakata mkonge wengi nao walikuwa wamegeuka wanunuzi wa jumla: watu wanaochukua mawili asubuhi wakiwa wamesimama, jumla ya mwezi imevuka 50, na jedwali limewapa punguzo la hitima. Sharti nalo lilikuwa limepimwa kwenye jumla, wala si kwenye mstari. Shemeji aligonga paji la uso. Akaufuta uga ule, akarudi kwenye orodha kuongeza safu ya Punguzo mstari kwa mstari.

Ila kulikuwa na mtu aliyekwisha kuliona jina lake. Baba Mkubwa alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, miwani puani.

“Mimi naona nimepunguziwa 1,200,” akasema.

“Hilo ni kosa, Baba Mkubwa,” shemeji akaeleza kwa upole. “Ni lile lile la mwanzo. Mashine imejumlisha kabla ya—”

“Nimeelewa. Lakini niulize, kosa lililonipandisha lilitembezwa mtaa mzima na mtoto, karatasi mkononi. Hili la kunishusha ndilo linafutwa kimya kimya?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Balozi alisema hoja ina uzito. Shangazi, ambaye kimsingi hapendi punguzo la aina yoyote, alisema kwa mara hii tu mzee alipwe fidia ya kutembezwa. Sote tukamtazama mama watoto, kwa kuwa wizara ni yake.

Alifikiri kidogo huku akifuta mikono kwenye kanga. Baba Mkubwa atalipa 12,000 kamili, akasema, kwa sababu daftari halidanganyi. Na fidia atapewa, shilingi 1,200, lakini kwa maandazi: sita.

Baba Mkubwa akanyoosha mkono kuelekea kwenye beseni.

“Si leo,” mama watoto akamzuia. “Moja kila asubuhi, juu ya yale unayonunua, kwa siku sita. Na kila moja nitaliandika mstari wake, hesabu isije ikapotea.”

Mzee aliuvuta mkono polepole. Akamtazama shemeji, akaitazama kompyuta, akamtazama tena mkwe wake.

“Andika,” akasema. “Lakini kwenye bei weka sifuri.”